Jina la Ndani ya Mstari

Mpira ulimfikia Rachelle taratibu, ukijiviringisha juu ya vumbi jekundu la Kapata kama sahani ya bukari, ugali wa kwao, inayosogezwa mbele ya mgeni. Ulipigwa vizuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: ulipigwa kwa adabu mno.

"Mama Gael!" Abigaëlle aliita kutoka pembeni. "Angalia nyuma, mama, kuko mutu..."

Alipofika kwenye neno "mutu," huyo mtu alikuwa ameshafika. Kalombo, kiungo wa miaka ishirini mwenye mapafu ya farasi, alipita begani mwa Rachelle kama upepo wa Juni, akaubeba mpira, na muda si muda Marlène alikuwa anauokota golini huku akiyatukana mawe. Marlène ndiye kipa, na kwake kila goli lina jiwe la kulaumiwa.

"Jiwe hii mi naijua!" alipiga kelele. "Hata juzi ilinifanya vile vile!"

Wasichana walicheka. Rachelle naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwa kocha Stany. Kocha hakupiga filimbi wala hakufoka. Alitoa kidaftari chake mfukoni, akaandika kitu kifupi, akakirudisha. Hapo ndipo Rachelle alipoacha kucheka. Kocha anayekufokea bado ana kazi na wewe. Kocha anayeandika kimya kimya ni kama fundi aliyekwisha kupima mbao akaona ni fupi.

Mazoezi yalipoisha alimwita kando.

"Mama Gael, miguu haijarudi."

"Itarudi, kocha."

"Mupira unafika, weye bado unafikiri. Zamani ulikuwa unafikiri mbele mupira haujafika." Alijikuna kidevu, kwa sababu alikuwa mtu mpole na maneno haya hayakumpendeza hata yeye. "Jumamosi tunacheza na timu ya Likasi. Magaribi yake nasoma liste ya batu makumi mbili na mbili ba kwenda Lubumbashi kwa mashindano. Kwa viungo natafuta batano. Bane nimeshapata. Mi sipendi kukudanganya."

Nafasi moja, basi. Rachelle alichukua viatu vyake mkononi, akarudi nyumbani miguu mitupu, akiitazama hiyo miguu njia nzima kama mtu anayemtazama rafiki aliyemficha jambo.

Kwa maana miguu hiyo ilikuwa imempeleka mbali. Rachelle Ngoy alizaliwa hapo hapo Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika safu za nyumba za kampuni ya madini zinazofanana hivi kwamba wanaume waliokunywa wakati mwingine huvua viatu katika sebule isiyo yao. Kati ya safu na safu kuna njia nyembamba, na katika njia hiyo ndimo alimojifunza mpira, msichana mmoja kati ya kaka zake na marafiki zao. Ukipokea mpira pale bila kujua nyuma yako kuna nini, unavunja dirisha la mtu au unamwaga maji ya mama wa watu. Kwa hiyo akajifunza kugeuza shingo kabla mpira haujafika. Watu walidhani ni akili. Ilikuwa ni woga wa madirisha.

Akiwa na miaka kumi na sita alichukuliwa na Shaba Dames, timu ya wanawake ya mtaani kwao. Kumi na tisa, Lubumbashi. Ishirini na mbili, Tanzania, misimu miwili Dodoma, ambako wenzake walikuwa wanaanguka kwa kicheko kila alipofungua mdomo. Aliwaambia "mi niko na njala, kuko chakula?" wakamletea chakula huku wakifuta machozi. Lakini uwanjani hakuna aliyecheka. Uwanjani alikuwa "Rache!" Kapata, "Rache!" Lubumbashi, "Rache!" Dodoma; wasemaji wa lugha nne, jina moja, pumzi moja, na shingo yake inageuka yenyewe.

Kisha akarudi, akaolewa na Ruffin, fundi umeme wa mashine kubwa za kuchimbia kwenye mgodi wa Mutoshi, mwanaume mwenye mikono myeusi kwa grisi na sauti ndogo kama ya mtu wa kanisani. Mwezi wa nane mwaka jana wakapata mtoto, Gael. Na tangu saa ile mkunga alipotoka mlangoni akitabasamu, hakuna mtu Kolwezi nzima aliyemwita tena Rachelle. Ndivyo ilivyo. Mwanamke akishapata mtoto, jina lake la zamani linawekwa kabatini, anavaa la mtoto. Kumwita jina tupu ni kama kufunua sufuria ya mtu bila kuomba. Hata Ruffin humwita Mama Gael. Na yeye alilipenda jina hilo. Siku ya kwanza jirani alipomwita hivyo uani, aligeuka akamtafuta huyo Mama Gael ni nani, halafu akakumbuka ni yeye, akacheka peke yake mpaka mtoto akaamka.

Sasa mtoto alikuwa na miezi kumi na meno mawili, na Rachelle alikuwa na miezi mitatu tangu arudi mazoezini na Shaba Dames.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Mama Laurentine, amemfunga Gael mgongoni huku akichambua lengalenga. Mama Laurentine alikuwa mjane wa mfanyakazi wa kampuni, na kwa miaka thelathini alikaa kando ya viwanja akiangalia mechi za wafanyakazi, idara kwa idara. Aliijua ofsaidi kuliko waamuzi kadhaa, na hao waamuzi walijua kwamba anajua.

"Uso gani huo?" aliuliza.

"Kocha anasema miguu haijarudi."

Mama Laurentine aliitazama miguu, akaangalia tena mboga zake. "Kesho kutwa muko na mazoezi? Nitakuja na mutoto. Atanyonya kwa mapumziko. Na mi nitaangalia hiyo miguu inaenda wapi."

Alhamisi alikuja kweli, na kigoda chake, mtoto mgongoni na chupa ya uji. Akakaa karibu na mstari, mahali ambapo Dady, msaidizi wa kocha, alikuwa anamwaga chokaa kutoka kwenye kopo la mafuta lililotobolewa. Mchezo ulipoanza, Rachelle alimwona mama mkwe wake anapiga makofi madogo madogo, pa, pa, pa, bila kuangalia mtu yeyote usoni. Alidhani anamchezesha mtoto.

Mapumzikoni alikimbia kwenda kumnyonyesha. Gael alimpokea kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekaa mgahawani saa nzima bila kuhudumiwa.

"Miguu yako iko muzima," Mama Laurentine alisema.

"Mama, unanibembeleza."

"Mi sibembelezi mutu kwa mupira. Sikia. Nilikuwa nahesabu na makofi. Banapomuita huyu mutoto Kalombo, banasema 'Kalo!' Kofi moja. Banapokuita weye, banasema 'Mama Gael, angalia nyuma, mama.' Makofi ine. Na yule mukonde wa pembeni..."

"Abigaëlle."

"Yule anaongeza na 'tafazali.' Makofi tano! Mupira gani utangojea makofi tano? Hata treni ya Likasi haingojei hivyo." Alipunguza sauti. "Na tena banakuletea mupira kwa mikono mibili. Banakupigia pasi kama banakupelekea chai."

Rachelle alicheka ghafla hadi ziwa likamtoka mtoto mdomoni, na mtoto akalalamika kwa haki yake. Lakini alipokuwa anamrudishia, mambo ya miezi mitatu yalianza kujipanga kichwani. Pasi laini. Maonyo yanayofika mpira ukishaondoka. Na ile siku Abigaëlle alipoita "Mama!" kwa nguvu, akageuka yeye, akageuka na muuza nyanya wa barabarani, wakageuka na wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo.

Haikuwa miguu. Lilikuwa jina.

Aliporudi uwanjani aliwakusanya wasichana katikati. "Bandugu, kuanzia leo, ndani ya mupira, muniite Rache."

Wakatazamana kama watu walioambiwa wavue nguo.

"Rache gani?" Marlène aliuliza.

"Mi. Rache. Kama zamani."

"Zamani haukuwa mama ya mutu," Kalombo alisema. Alisema bila ubaya. Kalombo alikuwa na moyo safi, na kama alitaka nafasi, alitaka kuipata kwa mpira. "Mi kukupokonya mupira siogopi. Kukuita jina naogopa."

"Tumuite Yaya, dada mukubwa," mmoja alipendekeza.

"Yaya hapa beko sita," Marlène alijibu. "Ukiita Yaya, timu nzima inageuka, mi nabaki na jiwe yangu."

"Tuite namba yake, nane. Huit!"

"Na Likasi habana na huit? Utamuita huit, aje wa kwao."

Wote wakamtazama Abigaëlle, kwa sababu yeye ndiye aliyecheza karibu zaidi na Rachelle, upande wa kulia. Alikuwa na miaka kumi na minane, alitoka Musumba, mbali na Kolwezi, na nyumbani kwao mtoto hamsalimii mtu mzima kabla hajachuchumaa akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa kidogo. Aliwasalimia hivyo hata wakubwa wake wa timu, hata asubuhi yenye baridi, hata akiwa na mpira kwapani.

"Jaribu," Rachelle alimwambia. "Ra-che. Ni ndogo kuliko jina yako."

Abigaëlle alifungua mdomo. "Ra..." Macho yakamjaa maji. "Ra... Mama Gael, unisamehe! Mama yangu akisikia, atatoka Musumba kwa miguu kuja kunipiga!"

Wakacheka mpaka kocha akapiga filimbi. Kipindi kilichofuata kilikuwa kama kilichotangulia: makofi manne, makofi matano, na kidaftari kikatoka mfukoni mara mbili.

Jioni hiyo Rachelle alikaa jikoni akikoroga bukari kwa nguvu zisizohitajika.

"Nimewaambia, mama. Bamekataa."

"Umewaambia na mudomo tu," Mama Laurentine alisema. "Ruffin alipokuja kwenu kukuoa, alikuwa anakula mbele ya mama yako?"

"Hapana! Sahani ikiingia, yeye anatoka. Siku moja alitoka akasahau kiatu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ile mama alimupikia kuku, akamuita, akamupa kipande na mukono yake mwenyewe." Mwiko ulisimama. Rachelle alimgeukia. "Kisha pale wakakula pamoja. Mpaka leo."

"Eh. Mama yako hakumwambia tu, 'Ee mukwe, kula, mi sina shida.' Alipika. Alimufungulia." Mama Laurentine alimpokonya mwiko, kwa sababu bukari ilikuwa inaonewa. "Batoto bale banakuheshimu sana, na ni muzuri. Heshima yao inangojea mutu wa kuifungua. Na jina ya mujukuu wangu, kama kuko mutu anaweza kuifungua, ni mi."

Ijumaa tangu asubuhi nyumba ilinuka karanga. Mama Laurentine alipika chikanda, ule mkate mzito wa mizizi na unga wa karanga ambao watoto wa Katanga wote wamekua wakiuiba kipande baada ya kipande. Alikwisha kuweka na munkoyo tangu Alhamisi usiku, kinywaji cha mahindi kilichokuwa kimeanza kuchachuka kidogo tu, kiasi cha kuchekesha ulimi. Ruffin alirudi kutoka zamu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye beseni, akapigwa kofi kiganjani.

"Weye unaweza kumuita Rache?" mama yake alimuuliza.

"Mi? Siwezi."

"Basi haiko yako."

Saa kumi Mama Laurentine alifika uwanjani na beseni kichwani, kitambaa cheupe juu yake. Rachelle alimfuata na mtoto mgongoni na ndoo ya munkoyo mkononi. Wasichana walikuwa wamemaliza kunyoosha viungo. Kocha Stany aliona beseni, akaamua mazoezi yamekwisha.

"Bote muingie ndani ya mustari," Mama Laurentine aliamuru. "Hivi. Weye wa golini, kanyaga ndani kabisa."

Wakaingia. Alimvua Rachelle mtoto, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akamsukuma Rachelle taratibu mpaka naye akavuka chokaa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na waamuzi:

"Mi ni mama ya bwana yake. Gael ni mujukuu yangu, na jina yake ndiyo munaitia mama yake. Ni muzuri, mumelelewa vizuri, nitaambia wazazi wenu. Lakini mustari huu mweupe, muuone. Huku inje, huyu ni Mama Gael, na ambaye atamuita ingine tutaonana naye. Kule ndani, huyu ni Rache. Kule hana mutoto, hana bwana, hana mama mukwe. Akichelewa, mumugombeze. Akilala, mumuamushe. Mi ndiye nimefungua. Rach..." Alijizuia asimwite jina hilo akiwa nje ya mstari, akakohoa. "Yeye mwenyewe atawapa."

Rachelle alichukua kisu, akakata chikanda, akampa kila mmoja kipande kwa mkono wake. Kalombo alikula kwa mafundo mawili. Marlène alishika chake juu kama hati.

"Mama, ulizo moja. Kama muguu moja iko ndani na ingine inje?"

"Unafunga mudomo na unashika mupira."

Kocha Stany naye alinyoosha mkono. "Na mi nimemuita Mama Gael miezi tatu," alijitetea, akapewa, akaomba cha pili akisema kwamba cha kwanza kilikuwa cha uchezaji na hiki ni cha uongozi.

Abigaëlle alipokea wa mwisho. Alichuchumaa, akapiga makofi yake ya Musumba, akakipokea kwa mikono miwili, akakila polepole akiwa amefumba macho. Kisha, kwa sauti ndogo sana, akaomba kipande kimoja kilichobaki kwenye beseni, akakifunga katika jani la mgomba.

"Cha nini?" Rachelle aliuliza.

"Cha kesho. Kama woga itanirudilia."

Jumamosi ilikuwa ya baridi na jua, siku ile ya kiangazi ambapo moshi wa majani yanayochomwa unasimama mbali kama nguzo. Malori ya madini yalikuwa yamepanga foleni barabarani, na madereva kadhaa walikuwa wamepanda juu ya vichwa vya malori yao kutazama bure. Kapata nzima ilikuja. Ruffin alikuja na nguo ya kazi. Mama Laurentine alikaa kwenye kigoda chake, Gael mapajani, vidole viwili vya mguu vikigusa chokaa.

Kocha alimwanzisha Kalombo. Rachelle alikaa benchi, na benchi iko nje ya mstari, kwa hiyo alikuwa Mama Gael, na kila aliyetaka maji aliyaomba kwake kwa adabu. Likasi walikuwa wazuri. Namba nane wao alikuwa mwanamke mfupi mpana aliyecheza kama anatafuta funguo zake miguuni mwa watu. Dakika ya thelathini walipata goli. Marlène alilionyesha jiwe kwa mwamuzi.

Dakika ya hamsini na tano kocha akamgeukia Rachelle. "Ingia. Kalombo abaki. Mucheze bote mbili."

Rachelle aligusa kichwa cha mtoto, akasimama kwenye chokaa, akashusha pumzi, akavuka.

Mpira wa kwanza ulitoka kwa Abigaëlle. Rachelle aliona jinsi mguu wa yule msichana ulivyosita, adabu ikampanda mpaka kwenye goti. Aliona mdomo wake unafunguka na kufungwa. Na ghafla neno likatoka, lote kwa pamoja, kwa nguvu ya miezi mitatu iliyofungiwa:

"RACHEEE!"

Uwanja mzima ukageuka. Dereva mmoja karibu aanguke kutoka juu ya lori. Lakini mpira ulikuwa umekuja nyuma ya neno, mgumu, wa haraka, mpira wa mtu anayekudai kazi, na shingo ya Rachelle ikageuka yenyewe kama njiani kati ya safu mbili za nyumba. Alimwona namba nane anakuja. Akagusa mpira mara moja, namba nane akapita na vumbi lake, na Rachelle akabaki na nusu ya uwanja mbele yake, wazi kama ua lililofagiwa.

Kuanzia hapo Abigaëlle hakushikika. "Rache, nyuma! Rache, kushoto! Rache, leta! Rache, uko nalala? Uko kama kamiyo ya Mutoshi kwa mupando!" Alimwita lori linalopanda mlima, akasema yote aliyokuwa hajamwambia mtu mzima yeyote tangu azaliwe. Wengine wakamfuata. Jina likapita uwanjani kama mpira wenyewe, fupi, kofi moja, kofi moja. Dakika ya sabini Marlène aliita "Rache!" akarusha, Rachelle akaupokea akiwa ameshageuka, akampenyezea Kalombo kati ya mabeki wawili, na Kalombo akafunga kisha akamrukia mgongoni kama mtoto wa pili.

Sare, moja kwa moja. Zikabaki dakika chache. Likasi wakabana, Kapata wakabana, na wasichana wakakosa pumzi ya kuita. Mpira ukadunda kutoka kwa beki, ukamjia Rachelle katikati, karibu na mstari wa pembeni. Hakukuwa na mwenzake karibu. Jua lilikuwa machoni. Hakuona kwamba namba nane alikuwa anakuja tena, na safari hii alikuwa amezipata funguo zake.

"Rache! Nyuma!"

Haikuwa sauti ya msichana. Ilikuwa sauti nene, ya miaka thelathini ya kando ya viwanja, na ilitoka nje ya mstari. Rachelle hakufikiri ni ya nani. Aliacha mpira upite katikati ya miguu yake, akazunguka upande wa pili, namba nane akabaki anamtafuta kwenye vumbi, na pasi ndefu ikaondoka kwenda kulia, ambako Abigaëlle alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajaitwa. Abigaëlle alipiga mara moja. Nyavu zilitikisika, malori yakapiga honi yote kwa pamoja, na mwamuzi akapiga filimbi ya mwisho ambayo hakuna aliyeisikia.

Rachelle aligeuka kutazama. Mama Laurentine alikuwa amesimama, kigoda kimepinduka, kiganja kimeziba mdomo, macho yametoka kama ya mtu aliyejikuta amevaa kiatu cha mwingine. Gael kiunoni mwake alikuwa anacheka, meno yote mawili nje.

Wasichana walitoka uwanjani. Abigaëlle alipovuka tu chokaa, alichuchumaa mbele ya Rachelle, akaanza makofi yake.

"Mama Gael, pole na kazi. Mama Gael, unisamehe. Nilisema unalala."

"Na tena ulisema nini?"

"Nilisema... kamiyo."

"Kamiyo ya wapi?"

"Ya Mutoshi," Abigaëlle alinong'ona, na Marlène akaanguka chini kwa kicheko.

Kocha Stany alitoa kidaftari. Watu wakasogea, hata madereva. Alisoma makipa, akasoma mabeki, akaanza viungo: wa kwanza, wa pili, Kalombo, wa nne. Hapo akasimama. Akaangalia miguu yake, akaona yuko nje ya mstari, akachukua hatua moja ndefu mpaka ndani ya uwanja, akasafisha koo.

"Na ya tano, namba nane: Rache Ngoy."

Rachelle hakusikia washambuliaji. Ruffin alikuwa amemkumbatia na nguo yake ya kazi, na grisi ikahamia kwenye jezi, na hakuna aliyejali. Alimsikia tu kocha akimalizia kwamba orodha ni ya watu ishirini na wawili lakini basi la Lubumbashi litaacha viti viwili mbele, cha bibi na cha mtoto, kwa sababu timu inahitaji mtu wa kuangalia nyuma.

Ndipo Abigaëlle alipokwenda kwenye mfuko wake, akarudi na lile jani la mgomba. Alichuchumaa tena, safari hii mbele ya Mama Laurentine, akapiga makofi, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama, tafazali, ukule."

"Cha nini?"

"Umeita jina, mama. Na jana haukukula."

Kelele iliyozuka ilikuwa kubwa kuliko ya goli. Marlène alipiga kelele kwamba sheria ni sheria. Kocha alisema yeye kama uongozi anathibitisha. Mama Laurentine aliwatazama wote mmoja mmoja, akatafuta mtu wa kumtetea, akamkuta hata mwanawe anatazama mawinguni. Basi akalipokea jani, akalifungua, akala kipande chote, bila haraka, akitafuna kwa heshima yote ya umri wake. Akafuta vidole. Akanyanyua khanga yake kidogo isishike chokaa, akavuka mstari kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka akasimama ndani kabisa ya uwanja, Gael kiunoni.

"Rache," aliita, na lilimtoka vizuri, kofi moja. "Kuya hapa. Mutoto eko na njala."

Rachelle alikwenda mbio, akampokea mtoto. Mama Laurentine alimpangusa vumbi begani, akamshika mkono, wakavuka chokaa pamoja kurudi nje.

"Sasa," alisema, akiokota kigoda chake, "twende nyumbani, Mama Gael."